Mguso wa Pili

Leo sina mahubiri. Nina kisa, na kinanihusu mimi mwenyewe, kwa hivyo usikipitie mbiombio kama unavyopitia matangazo ya harambee.

Wengine wenu mmeniona Jumanne na Alhamisi jioni nikishuka matatu na ubao mkubwa kwapani, umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Kuna mama aliyeniuliza kama nimeanza biashara ya vioo. Hapana, mama. Ninajifunza kuchora. Mwaka jana nilimaliza hatua ya kwanza katika chuo kimoja hapa Eastlands, na sasa niko hatua ya kati, darasa la jioni. Karo nimelipa kwa awamu tatu kutoka mfukoni mwangu, si kwa sadaka, kabla hujauliza.

Mzee mmoja tunayempenda sana alinipigia simu: "Pasta, na Kutoka 20?" Nilimwomba asome aya ya nne pamoja na ya tano, aone kinachokatazwa ni kuvisujudia, kisha aendelee hadi sura ya 31, ambapo Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho. Kwa kazi gani? Si kuhubiri. Ni kubuni, kufua dhahabu na kuchonga mbao. Mzee aliniambia atalifikiria. Bado analifikiria.

Katika hatua ya kwanza tulichora masufuria, mitungi, makasha na viti. Sufuria haina hisia, na ukiikosea haikasiriki. Hatua ya kati ni watu. Jioni ya kwanza tulikuta mzee ameketi katikati ya studio, koti la bawabu mwilini na gambuti miguuni. Ni bawabu kweli, wa jengo la jirani, na chuo humlipa aje akae tu, tumchore. Tulianza na michoro ya nusu dakika, kisha dakika mbili, kisha ishirini. Mwalimu wetu ni dada mdogo, umri wake ni wa kuwa katika kikundi changu cha vijana. Alifika kwenye ubao wangu akatazama uso niliouchora. Akaniuliza, "Mchungaji, macho ya mtu yako wapi?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeyaweka juu, karibu na nywele.

Alichukua penseli yangu, akanyoosha mkono wake wote, akafumba jicho moja na kumpima mzee kwa mbali, kutoka utosini hadi kidevuni. Kisha akapima nusu yake. Macho yako katikati ya kichwa. Si juu. Katikati kabisa! Nenda sasa hivi kwenye kioo, mpendwa, ujipime, halafu urudi tuendelee. Mimi nimeishi zaidi ya miaka arobaini, nimeombea vichwa visivyohesabika nikiwa nimeviwekea mikono, na sikujua macho yako wapi.

Unajua ni kwa nini tunakosea? Mwalimu alieleza. Paji la uso na nywele havituambii habari yoyote, kwa hivyo akili huvipunguza. Habari zote ziko machoni na mdomoni, kwa hivyo akili huvipanua hivyo hadi vijaze uso wote. "Unachora unachokijua," akasema. "Chora unachokiona."

Paja la yule mzee lilinitesa wiki tatu. Aliketi magoti yakinielekea. Mtu akikaa hivyo, paja lake machoni pako huwa fupi mno, karibu limezwe na goti. Lakini akili yangu ilishikilia kwamba paja ni kitu kirefu, na kila jioni mzee wa watu alitoka kwenye karatasi yangu kama ametelezeshwa chini ya kiti. Hatimaye mwalimu aliniambia niache kabisa kuchora mguu. Nichore nafasi. Kati ya mguu wa kiti na ile gambuti kulikuwa na pembetatu ya hewa. Nichore hiyo, na ile nyingine chini ya mkono. Nilichora hewa, nikainua kichwa, na mguu ulikuwa umekaa mahali pake. Nadhani ni kwa sababu sikuwa na maoni yoyote kuhusu hewa.

Usiku ule nilifungua Marko 8, yule kipofu wa Bethsaida. Unajua kisa hiki kiko kwa Marko peke yake? Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamuuliza anaona nini. Mtu yule anasema kweli: anaona watu, lakini ni kama miti inayotembea. Nimehubiri andiko hilo mara nyingi, na kila mara nilikimbilia ule mguso wa pili, pale anapoona kila kitu vizuri. Sikuwahi kusimama hapo katikati pamoja naye. Ameshaguswa na Bwana mwenyewe, macho yamefunguka, na bado binadamu kwake ni mti. Angeweza kusema "Haleluya, naona!" akaenda zake nyumbani, na hakuna ambaye angejua.

Muhula huu pia darasa letu lilikwenda Murang'a, kwenye kanisa kuu la Anglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kule Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alichora maisha ya Kristo kwenye kuta zake. Yesu anazaliwa katika boma la Kiafrika, na watu wanaomzunguka ni watu wa pale. Nimefanya mikutano ya injili Murang'a mara nne na sikuwahi kuingia humo. Nilikaa mbele ya picha ile nikikumbuka Yesu wa kalenda aliyekuwa sebuleni kwetu nikiwa mtoto, nywele za dhahabu, macho ya buluu. Huyo ndiye niliyekuwa nikimjua.

Sasa nifike mahali ninapoogopa.

Washirika wa zamani mnamkumbuka kifungua mimba wangu, aliyekuwa akipiga kinanda. Tangu akiwa na miaka sita alikuwa akichora matatu. Alichora kwenye madaftari, kwenye bahasha za sadaka, na nyuma ya mahubiri yangu. Alipomaliza kidato cha nne, mwaka wa 2018, alikuja sebuleni akaniambia anataka kusomea sanaa. Buruburu tuna chuo kinachojulikana nchi nzima, Buruburu Institute of Fine Arts, na kutoka kwetu ni mwendo wa miguu. Siku hiyo nilikuwa na wazee wawili wa kanisa. Nilimjibu mbele yao. Nilisema nyumba hii haitalea mpaka rangi wa matatu.

Sikujua wakati huo kwamba Dennis Muraguri, aliyesomea chuo hicho hicho, amejijengea jina kwa kuchonga matatu za Nairobi kwenye mbao na kuzipiga chapa. Lakini nisijifiche hapo. Hata ningejua, ningejibu vivyo hivyo.

Alisoma uhasibu mihula miwili, akaacha. Akahama nyumbani. Sasa yuko kwenye gereji, anapaka matatu rangi. Kwa miaka mingi tumesalimiana Krismasi, na mama yake anapougua.

Kazi yetu ya mwisho wa muhula ni uso wa mtu, kwa mkaa, kwenye karatasi kubwa. Ni vikao vinne vya saa mbili mbili, na mtu mwenyewe lazima awe ameketi mbele yako. Picha ya simu hairuhusiwi. Nilimwomba mama mchungaji. Dakika ya kumi alikuwa amelala, na kwa kazi anayofanya ana haki yake. Binti yetu ana mitihani. Basi nikashika simu, nikaiweka, nikaishika tena.

"Kwani wewe unachora?" akaniuliza. Kimya. Kisha akacheka, akacheka hadi nikadhani simu imekatika.

Alikuja Jumatatu, siku yangu ya mapumziko. Nilimketisha kando ya dirisha, nikanyoosha mkono, nikafumba jicho moja. Utosi hadi kidevu. Nusu yake, macho. Nilipofika kwenye taya nikaona kovu, refu kama kiungo cha kidole.

"Hii uliipata lini?"

"Kitambo, Baba. Kwa gereji. Nilishonwa nyuzi sita."

Nilihesabu miaka kichwani. Mwaka huo tulikuwa na maombi ya siku arobaini, mnayakumbuka, na jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu kila alfajiri. Siku arobaini nilimwombea kijana wa miaka kumi na minane asiye na kovu. Huyo mwenye nyuzi sita alikuwa Kariobangi, na sikuwa na habari.

Sikusema kitu. Nilichora. Katika kikao cha pili, yeye ndiye aliyeanza. "Baba, siku ile na wale wazee, ulikuwa unaogopa nini?" Nilikuwa na jibu la Biblia tayari. Kwa bahati mkono ulikuwa kwenye karatasi, na huwezi kupima pua ya mtu huku unamhubiria. Nikamwambia niliogopa watakachosema washirika. Nyinyi, wapendwa. Niliwaogopa nyinyi. Alitikisa kichwa kidogo, nami nikalazimika kupima upya.

Jumatatu iliyopita, kikao cha tatu, alisimama kujinyoosha akaja nyuma yangu. Akatazama muda mrefu. "Hiyo sikio iko juu sana," akasema. Nikampa mkaa. Alifuta langu kwa kidole gumba, akalishusha hadi sehemu yake ya juu ikalingana na nyusi na ndewe ikalingana na chini ya pua, mistari mitatu tu, na likawa sikio. Kucha zake zilikuwa na rangi ya kijani pembeni. Hapo ndipo nilipomwambia, "Nisamehe."

Alirudi kwenye kiti, akageuza uso dirishani kama alivyokuwa.

"Wewe chora, Baba. Mwanga unaisha."

Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti nisitaje jina lake wala gereji. Jumatatu ijayo ni kikao cha nne, na umebaki mdomo. Mama yake ameuliza kama atakula hapa, naye amejibu kwamba chapati zikiwepo ataangalia. Kwa hivyo kuanzia saa nane mchana simu yangu itakuwa imezimwa. Aliye na dharura ampigie mzee wa zamu.