Mwalimu wa mazoezi naye ni mtoto wa mtu

Pale Mkiwa, barabara ya Itigi inapochepuka kutoka ile ya Dodoma kwenda Singida, hushuka vijana wenye begi, ndoo na barua ya chuo. Ni wanachuo wa ualimu, wamekuja mazoezi ya kufundisha. Kodi ya chumba, mkaa na nauli mara nyingi hutoka kwa mzazi aliyebaki kwao.

Binti mmoja alipangiwa darasa la kwanza. Andalio la somo lilikuwa safi, kipindi dakika 30, kila hatua na muda wake. Dakika kumi ziliishia kwenye kugawana penseli. Kulikuwa na mtoto wa kiume ambaye kila akiulizwa anatazama chini. Siku tatu nzima binti aliamini mtoto hasikii.

Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima, akamsemesha Kinyaturu kidogo tu. Mtoto akajibu papo hapo. Masikio yalikuwa mazima. Kiswahili ndicho kilikuwa kigeni, kwa sababu nyumbani hakizungumzwi.

Tangu hapo, wakati wa mapumziko binti alifundishwa na watoto kuhesabu kwa Kinyaturu, akaandika maneno kwenye kijidaftari. Walimcheka mpaka machozi. Mkufunzi alipokuja kumkagua, akakaa nyuma na kalamu yake, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa yule yule mtoto. Jibu lilikuwa na kosa, lakini lilikuwa la Kiswahili.

Wapo wazazi wanaolalamika kwamba watoto wao wanafanyiwa majaribio. Hoja ina ukweli wake: mtoto akishamzoea mwalimu, wiki zimekwisha, anaondoka. Ila baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aingie shule, maelfu ya waliomaliza darasa la saba walijifunza ualimu huko huko vijijini huku wakifundisha. Babu na bibi wengi walisomeshwa na hao. Mzazi mwenye wasiwasi afike shuleni, afungue daftari la mwanawe, amsalimie huyo mgeni na kumwuliza mtoto anaendeleaje. Mwalimu wa darasa naye bado yupo.

Binti alipoondoka alikiacha kile kijidaftari kwa mwalimu wa darasa. Mama yule, Mnyaturu wa kuzaliwa, hana kazi nacho. Amekiweka kabatini, amsubirie atakayekuja.