Ithibati ya Wingu Katika Nchi ya Ukame

Neno wingu lina uzito wa pekee kwa mtu aliyelelewa Kitui au Makueni. Huku kwetu mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, ndizo hutegemewa kuliko za masika, na mkulima hulitazama wingu jinsi mdai anavyomtazama mdaiwa wake: kwa matumaini yaliyochanganyika na shaka. Aghalabu wingu hupita. Kwa hiyo wataalamu wa kompyuta walipolichukua neno hilo na kulipa maana ya mitambo ya mbali ambayo mtu huikodi kupitia intaneti, sisi wa Ukambani tulikuwa na haki ya kuuliza: wingu hili nalo hudhaminiwa na nani?

Swali hili si mzaha. Mnamo mwaka wa 2009 serikali ya Kenya ilinunua ekari 5,000 za shamba la Malili ili pajengwe mji wa teknolojia wa Konza, katika Kaunti ya Makueni. Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi huo Januari 2013, na leo kituo cha taifa cha data kimo humo. Wingu, basi, limeshuka ardhini. Lina kuta, nyaya na walinzi langoni. Fauka ya hayo, mwaka wa 2019 serikali ya Kaunti ya Makueni ilizindua tovuti ya zabuni, ambamo mwananchi aweza kusoma ni nani aliyepewa kandarasi gani na kwa fedha kiasi gani. Kumbukumbu za namna hiyo, popote zihifadhiwapo, hukaa ndani ya mashine, na mashine yaweza kuchezewa.

Mwenzangu anayesomea sayansi ya kompyuta alinijia na masharti ya kampuni ya Red Hat ya Marekani akitaka tuyatafsiri. Masharti hayo yanahusu programu zinazotakikana ili mashine za wingu zithibitishwe kuwa zinafaa kuendesha Red Hat Enterprise Linux, mfumo endeshi unaotumiwa na mashirika makubwa. Kazi ilianza kwa kuchagua jina. Cheti ni karatasi tu. Kibali na idhini ni ruhusa, na ruhusa yaweza kutolewa bila mtu kuchunguza lolote. Nilishikilia ithibati, kwa kuwa hapa majaribio hutangulia: kichakato, kumbukumbu, hifadhi na mtandao hupimwa, matokeo yakapelekwa kwa kampuni yakaguliwe, na hatimaye jina likaingizwa katika orodha iliyo wazi kwa umma.

Jina la nini, hasa? Kiingereza huita mashine moja ya wingu kwa neno ambalo kamusi zetu hulifasili kuwa mfano. Mfano ungepotosha, nasi tukakubaliana juu ya mashine pepe. Hata hivyo kuna jambo litakalowafurahisha wanasarufi: kinachopewa ithibati ni aina ya mashine, wala si kila mashine peke yake. Mtoa huduma huwa na aina nyingi, kubwa kwa ndogo. Mashine ya aina fulani hupimwa kwa niaba ya wenzake. Ni sawa na kuithibitisha ngeli badala ya nomino moja moja.

Masharti yenyewe ni makali. Kiini cha mfumo endeshi lazima kiwe kile kile kilichotolewa na kampuni, bila kuguswa. Programu ya ulinzi, SELinux, sharti iwe inatekeleza sheria zake, wala si kuonya tu na kuacha mambo yapite (laiti taasisi zetu zote zingepimwa kwa sharti hili!). Mashine ikianguka, iweze kuhifadhi picha ya kumbukumbu yake ili chanzo cha kuanguka kichunguzwe. Nilipomweleza mama mmoja auzaye ndengu sokoni, alielewa upesi kuliko wengi wa darasani kwangu: mizani yake hupigwa muhuri na maafisa wa vipimo, na anayeifungua springi yake huwa amepoteza muhuri hata kama mizani bado inapima sawasawa. Kisha akauliza kama muhuri huo humzuia mtu kutia mchanga ndani ya ndengu. Haumzuii. Ithibati hushuhudia mashine. Haishuhudii ukweli wa tarakimu za zabuni zilizoandikwa humo. Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari katika kifungu cha 35, na Kiswahili ni lugha rasmi katika kifungu cha 7, lakini swali la mama yule halina pa kuulizwa iwapo istilahi zake zimefungiwa katika Kiingereza.

Neno moja bado tunalibishania. Moduli ya nje isiyotiwa sahihi ikipachikwa katika kiini, kiini hujiwekea alama kwamba si safi tena, na hata moduli ikiondolewa, alama hubaki mpaka mashine iwashwe upya. Mimi nasema kiini kimetiwa doa, kwa sababu doa halitoki kwa kumwondoa aliyelitia. Mwenzangu hataki ila kiini kimenajisika, akidai kwamba najisi ina utaratibu wake wa kutoharishwa, na kwamba kuiwasha mashine upya ndiko kuoga kwenyewe.