Guadalupe Yetu ya Woodley

Panda matatu nambari 111 kutoka mjini, ushuke Adams Arcade. Hapo, kando ya Woodley, liko Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Guadalupe. Jina hilo limetoka Mexico, walikotoka pia Wamisionari wa Guadalupe.

Huko Mexico, 19 Septemba ni tarehe ya kuogopwa. Mwaka 1985 tetemeko liliua maelfu ya watu. Mwaka 2017, tarehe hiyo hiyo, watu wa mji mkuu walifanya zoezi la kujihadhari saa tano asubuhi. Saa mbili baadaye ardhi ikatikisika kweli, wakafa watu wapatao 370. Makanisa mengi ya kale yalipasuka, lakini parokia zikakusanya maji, vyakula na blanketi. Papa Fransisko alituma dola 150,000 zigawiwe majimbo yaliyoumia. Si nyingi ukizigawa, lakini zilitoka upesi.

Na sisi je, likitokea jingine? Soko la Toi liko karibu, na mtu hushawishika kununua mafurushi ya mitumba apeleke kanisani. Usifanye hivyo! Nauli ya nguo hizo huzidi bei yake, nazo hurundikana uwanja wa ndege huku majeruhi wakingoja dawa. Pesa hununua kinachotakiwa huko huko, kwa wenye maduka ambao nao wamepata hasara.

Mchango wa namna hiyo kwa kawaida hutangazwa mwisho wa Misa. Kwa hiyo usitoroke baada ya komunyo kukimbilia matatu.