Picha iliyonyamazisha darasa zima

Leo siongelei boom wala foleni ya kantini. Naongelea picha moja tu, maana tangu mhadhiri wetu wa historia ya sanaa airushe ukutani kwa projekta Jumanne, haijanitoka kichwani.

Inaitwa Kuchunwa kwa Marsyas. Aliyeichora ni Tiziano Vecellio wa Venice, miaka ya 1570, akiwa mzee kweli kweli. Turubai ni kubwa, zaidi ya mita mbili kila upande, na siku hizi liko Kroměříž, Jamhuri ya Cheki, kwenye kasri la askofu mkuu.

Kisa chenyewe ni cha Wagiriki wa kale, na Ovid wa Roma alikisimulia pia kwenye Metamorphoses. Marsyas alikuwa satiri, nusu mtu nusu mbuzi. Aliokota filimbi iliyotupwa na mungu wa kike Athena, akajifunza mpaka akaiva, halafu akathubutu kushindana na Apollo, mungu wa muziki. Makubaliano: mshindi amfanye mwenzake atakavyo. Apollo akashinda. Akataka ngozi.

Basi bwana, ungetegemea picha ya mambo hayo iwe na makelele. Wapi! Marsyas kaning'inizwa mtini kichwa chini, kwato juu, na macho yake yanatutazama sisi. Kijana wa nywele za dhahabu na taji la majani kapiga goti anachuna taratibu, kama fundi cherehani anayeogopa kuharibu kitambaa cha mteja. Mwingine anapiga fidla. Mwingine kaleta ndoo. Pale chini kijibwa kinalamba damu. Hicho kijibwa ndicho kilichonimaliza, jamani. Hakina ubaya na mtu, kinafanya mambo ya mbwa tu.

Sasa tuje kwenye ufundi. Kaka mmoja wa nyuma yangu alinong'ona kwamba mzee alishachoka, picha haijaisha. Ni kweli ukiikuza kwenye kompyuta unaona madoa matupu: kahawia, rangi ya kutu, dhahabu iliyofifia, wekundu kidogo hapa na pale. Hakuna mstari unaokuambia mwili umeishia hapa na majani yameanzia pale. Lakini mimi nabisha. Hii ni picha ya mtu anayeondolewa ngozi, yaani mpaka wake na dunia, na mchoraji naye kaiondoa mipaka! Marsyas anaanza kuyeyukia msituni ukiwa unamwangalia. Kama kila unyoya ungechorwa safi, jicho lingesifia kazi nzuri likaenda zake. Hapa linalazimika kutafuta lenyewe, na likishakiona kisu limechelewa, limeshaona.

Tena mzee hakuwa anaripua. Palma il Giovane, mchoraji aliyemfahamu, alisimulia jinsi alivyofanya kazi uzeeni, na Marco Boschini akayaandika mwaka 1674. Tiziano alipaka rangi za mwanzo, akaigeuzia picha ukutani miezi kadhaa, kisha akairudia na kuikagua kama vile ni adui yake. Boschini anamfananisha na daktari wa upasuaji anayeondoa uvimbe na nyama iliyozidi. Na kwenye kumalizia, anasema, vidole vilifanya kazi kuliko brashi. Hebu fikiria, kama ndivyo alivyofanya hapa pia: vidole vya mzee vinaipapasa ngozi ileile ambayo kisu cha Apollo kinaibandua.

Na wala haikuwa hadithi ya mbali kwa watu wa Venice. Mwaka 1571 kamanda wao Marcantonio Bragadin alichunwa akiwa hai huko Famagusta, Cyprus, baada ya mji kutekwa na Waturuki. Wapo wataalamu wanaoihusisha picha na tukio hilo. Tiziano mwenyewe alifariki Agosti 1576, tauni ikiwa inaumaliza mji.

Kinachoniuma zaidi ni yule mzee wa kulia mwenye taji, kakaa, mkono mdomoni. Ni mfalme Midas, yule aliyepewa masikio ya punda kwa kupinga ushindi wa Apollo kwenye shindano jingine. Wengi wanaona sura yake ni ya Tiziano mwenyewe. Hasimami. Hazibi macho. Anatazama tu, anawaza.

Sisi wa sanaa tunapenda kusema sanaa inalainisha moyo. Nyumbani wakiniuliza nasomea nini hasa, hilo ndilo jibu langu la siku zote. Sasa hapa mungu wa muziki ndiye mwenye kisu, na fidla haijasimama hata dakika moja! Mtu aliyeshika brashi zaidi ya miaka sitini anatuambia hivyo, halafu anajichora akiwa amekaa. Sidhani kwamba alikata tamaa, maana angekata tamaa asingempa Marsyas yale macho. Ila jibu langu la nyumbani limepungua nguvu, na bado sijapata jingine.

Haya wadau, nawaachia swali. Midas angeweza kufanya nini pale? Nasubiri maoni yenu, naenda kulala, kesho kuna testi saa mbili asubuhi.