Usiku wa mwisho wa Datsun pale Masinga

UKITOKA Thika kuelekea Garissa, mashamba ya mananasi hukusindikiza kwa muda, kisha Kilima Mbogo hujitokeza mkono wa kulia, na kabla hujachoka kukitazama umekwisha kufika Matuu. Nunua maembe na maji ya kunywa hapa, kwani mbele maduka ni machache. Endelea hadi Kangonde, kisha ukate kushoto kuifuata barabara ya Embu. Joto linazidi, miti inakuwa mifupi, na mbuzi wanakuwa wengi kuliko watu. Hapo umeingia Masinga.

Wengi wetu tuishio jijini twaijua Masinga kwa jambo moja tu, nalo ni bwawa. Mvua zikichelewa, redio hututangazia jinsi maji yake yalivyopungua nasi tukaanza kutafuta mishumaa. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1981, nalo ndilo la juu kabisa kati ya mabwawa matano ya umeme yaliyofuatana katika Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Likijaa, ziwa lake hutanda eneo la kilomita mraba 120 hivi. Mitambo yake yenyewe ni ya megawati 40 tu, kiasi kidogo kwa bwawa kubwa namna hiyo. Kazi yake hasa ni kuweka akiba ya maji kwa ajili ya wenzake walio chini.

Familia nyingi huja hapa kula samaki na kutazama jua likizama majini. Sisi tulikuja jua likiwa limekwisha kuzama, na tulikuja kwa ajili ya gari.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenyeji wa huku, alikuwa ameuza gari la marehemu babake. Mnunuzi angefika alfajiri na lori kulichukua. Gari lenyewe ni Datsun 240Z nyekundu, ya milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita. Mzee alikuwa makanika Nairobi miaka mingi. Alilinunua likiwa gofu, akalifufua kipande kwa kipande, na alipostaafu akarudi nalo nyumbani, ambako halikuwa na kazi yoyote ya maana. Haliwezi kubeba gunia la mahindi. Watu watatu hawaenei. Mwalimu ana watoto wawili sekondari, na karo haingoji.

"Mama hakukataa niliuze," alituambia. "Alisema tu nimwachie picha. Lakini iwe ya usiku."

Sharti hilo lilikuwa na sababu. Mzee hakuwa akiliendesha mchana. Alisema usiku injini haichemki na mbuzi wamelala. Mkewe alijua pia sababu nyingine ambayo mumewe hakuisema: ujanani aliyaona magari ya Safari Rally yakipita Ukambani gizani, na hakupata kupona.

Vijana wa leo huenda wasielewe. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1953, kwa miaka mingi madereva walikuwa wakienda mchana na usiku, maelfu ya kilomita, katika barabara hizi hizi za ng'ombe na matatu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa 240Z vilevile, baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Sweden. Mehta alipewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Gari lililokusudiwa barabara laini za Marekani na Ulaya likawa bingwa wa matope na mawe ya Afrika Mashariki.

Wapiga picha wa siku hizo walikuwa na taabu yao. Gari ulilisikia kabla ya kuliona, kisha ghafla safu ya taa kali na vumbi, kisha kimya. Ulikuwa na nafasi moja. Mohamed Amin, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, alianza na picha za Safari akiwa bado mwanafunzi Dar es Salaam.

Gari letu, kwa bahati, lilikuwa limesimama. Tuliliegesha kwenye uwanja wa wazi ulio juu ya ziwa, mbali na ukuta wa bwawa na mitambo, mahali ambapo kamera haina haja ya kwenda bila ruhusa. Ukingoni mwa maji pia hatukukaribia. Mamba na viboko wa Masinga si hadithi za kutishia watoto.

Jioni hiyo umeme ulikuwa umepotea kijijini. Watu wamezoea, mama alikuja na kandili mkononi bila hata kulizungumzia. Maji yanayowasha taa za Nairobi yalikuwa yakimeta pale chini, na yeye anapunguza utambi ili mafuta ya taa yasiishe. Mpiga picha mwenzangu ndiye aliyefurahi. Giza safi namna hiyo, alisema, jijini halipatikani kwa fedha.

Kazi ya kwanza ilikuwa kitambaa. Mwili wa gari ni kama kioo. Vumbi usiloliona mchana hung'aa usiku. Kisha akasimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akatundika mfuko wa mawe katikati ili upepo wa ziwani usiitikise. Akamulika bamba la nambari kwa tochi, akalenga kwa mkono, asiiguse tena lenzi.

Flashi hakuitoa mfukoni. Flashi hurudisha mng'ao mmoja mkali na gari zima likamezwa na weusi. Badala yake aliacha kilango cha kamera wazi kwa sekunde 30, naye akatembea kando ya gari akilipitishia mwanga wa tochi ndogo, juu, chini, mlangoni, kwenye magurudumu, kama fundi anayepaka ukuta chokaa. Mkono hausimami. Ukisimama, panabaki doa jeupe. Ukiielekeza tochi kwenye kamera, unachora mstari hewani. Yeye mwenyewe hakuonekana pichani, maana alivaa nguo nyeusi na hakutulia mahali pamoja. Taa za gari mwalimu aliziwasha kwa sekunde moja tu, akazima. Zingeachwa, zingekula kila kitu.

Enzi za filamu kazi hii ilikuwa ya imani. Filamu nyingi hulegea gizani, hivyo sekunde 30 za hesabu huenda zikahitaji dakika nzima au zaidi, na matokeo uliyaona siku zilizofuata. Siku hizi unayaona papo hapo. Mwenye simu tu naye asikate tamaa: aiegemeze kwenye jiwe, achague mpangilio wa usiku, aiwekee sekunde za kuhesabu ili asiitikise kwa kidole. Uvumilivu huo sijui kama vijana wetu wanao, lakini simu zinao.

Picha ya saba ilikuwa nzuri kwelikweli. Wekundu ulikuwa wekundu, pua ndefu imechorwa na mwanga, maji nyuma yake yamekuwa laini kama kitambaa, nyota juu. Mwenzangu akataka kufunga vyombo. Mwalimu akaomba moja zaidi, akiwa ndani, ameshika usukani. Akaambiwa asipumue sana. Alijaribu, lakini kati ya sekunde 30 hizo aliinamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha tena.

Matokeo yake mwenzangu aliyaona akaguna. Gari lilikuwa kali kama wembe, lakini nyuma ya usukani palikuwa na kivuli tu, mabega na kichwa kisicho na uso.

Mama alionyeshwa zote katika kioo kidogo cha kamera, kandili likiwa limewekwa chini ili lisimsumbue macho. Ile ya saba aliitazama, akasema ni nzuri. Ya mwisho aliitazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mwaitu," mwanawe akajibu.

"Wewe?" Akaisogeza karibu. "Hapana. Nitengenezeeni hii."

Mwenzangu alitaka kumweleza kwamba picha hiyo imeharibika. Nilimkanyaga mguu.

Lori lilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, na Datsun ikapandishwa kwa mbao mbili na kelele nyingi. Mama hakutoka nje. Picha ilisafishwa Nairobi juma lililofuata, ikawekwa ndani ya katoni ili isipinde, ikapelekwa Matuu kwa matatu, ambako mwalimu aliichukua siku ya soko.