Garissa hadi baharini: ni usiku upi ulale hoteli ya cheni?

Disemba ikikaribia, jua la Garissa likianza kutuchoma kama tuna deni nalo, inboksi yangu inajaa swali moja: "Tunateremka Mombasa na gari, tuko sita, tulale wapi?" Na kwenye komenti jibu huwa lile lile: "Achana na hizo hoteli kubwa, zote zinafanana. Tafuta kagesti kazuri, msaidie mwananchi wa kawaida."

Mimi nina maoni tofauti kidogo na najua kuna wasee watanivamia. Poa tu. Kwa mtu wa kwetu, hoteli ya cheni ni kama bima. Hukatii bima kila kitu ulicho nacho. Unakatia kile ambacho kikiharibika kitakuumiza.

Kwanza tuelewane maneno. Garissa ukisema "hoteli", mtu anawaza pilau, mbuzi na chai ya maziwa. Pa kulala tunaita lojing'i. Nikisema hoteli ya cheni, namaanisha zile zenye jina moja, usimamizi mmoja na taratibu moja katika miji kadhaa. Na Kenya tunazo za hapa hapa. Sarova wako Nairobi, Nakuru na Mara, na pale Bamburi wana Whitesands. PrideInn wana Paradise kule Shanzu. Serena, walio chini ya mfuko wa maendeleo wa Aga Khan, wana hoteli za mbugani na nyingine ufuoni, Shanzu pia. Kwa hivyo ile stori ya "cheni ni za wazungu" tuiweke kando.

Sasa sababu yangu. Mwaka juzi tulikuwa sita: mimi, hooyo, eeddo na binamu zangu watatu. Nilikuwa nimebuku gesti moja katika mji wa pwani, nikatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa, mwenyewe akanijibu vizuri na emoji tatu juu. Tukafika saa mbili usiku. Kijana wa mapokezi akatuangalia, akaomba vitambulisho vyote sita, akasoma mahali pa kuzaliwa kimoja baada ya kingine. Garissa, Garissa, Wajir, Garissa. Akaenda nyuma kupiga simu. Akarudi akasema vyumba vimejaa, pesa itarudishwa. Ilirudi baada ya wiki mbili na simu zisizohesabika.

Hakusema neno baya hata moja. Hooyo, ambaye Kiswahili chake ni cha kununua na kuuza sokoni, alielewa kabla yangu. Aligeuka tu akaanza kurudi kwenye gari, na ile migongo ya wakina mama wawili wakitembea kimya na mizigo yao bado naiona.

Tukaenda hoteli ya cheni mbele kidogo. Langoni askari akapitisha kioo chini ya gari, akafungua buti. Nyuma yetu kulikuwa na familia imetoka Nairobi, na wao wakapitishiwa kioo kile kile. Ndani, dada wa mapokezi akaomba vitambulisho kama alivyowaomba wale wa Nairobi, akatupa fomu, bei imeandikwa, funguo hizi hapa. Dakika kumi. Wala hakuwa mchangamfu, alikuwa amechoka hadi macho. Lakini alikuwa na utaratibu wa kufuata, na kwenye huo utaratibu hakukuwa na sehemu ya kuuliza mtu wa Garissa anatafuta nini baharini. Ukaguzi wa kila mtu mimi hauniudhi. Unaoniudhi ni ule wangu peke yangu.

Na tusijifanye ni kisa cha siku moja. Watu wetu wamepigwa msasa mara mbili hata kukipata hicho kitambulisho. Ni Februari 2025 ndipo Rais Ruto alitangaza kufuta ule msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza hata mtu binafsi kukubagua kwa sababu ya asili yako, dini au mavazi. Kifungu kizuri sana. Lakini saa tatu usiku mama yako amechoka, huwezi kumtandikia kifungu cha 27 alalie.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda, kwa hivyo historia yangu nimeisoma kwenye simu, na hii niliipenda. Mwaka 1951 Mmarekani mmoja wa Memphis, Kemmons Wilson, alisafiri na familia kwa gari hadi Washington. Moteli za njiani zikawa zinamtoza dola 2 zaidi kwa kila mtoto, na alikuwa na watano. Akakasirika. Mwaka 1952 akafungua Holiday Inn ya kwanza, watoto bure, na akataka ukiingia yoyote ukute kiwango kile kile. Sisi wa familia za watoto saba tunamwelewa huyo mzee kabisa.

Lakini huko huko Marekani, tangu 1936, Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, alikuwa akichapisha kitabu cha kuwaonyesha weusi hoteli, mikahawa na nyumba ambazo hazitawafukuza wakiwa safarini. Kiliendelea hadi miaka ya 1960. Na usidhani hoteli kubwa zilikuwa safi. Kusini kule nyingi zilikataa weusi hadi sheria ya haki za kiraia ya 1964 ikazilazimisha. Kwa hivyo siabudu jina lililo ukutani. Ninacholipia ni sheria inayomfunga yule aliye kwenye kaunta, na mkubwa wake ambaye naweza kumlalamikia.

Haya, tupange safari. Mimi huhesabu nitalala mara ngapi kabla sijahesabu vivutio, halafu kila mahali najiuliza: hapa mimi ni mgeni kiasi gani?

Kutoka Garissa unavuka daraja hadi Madogo, unaufuata mto Tana kuteremka: Bura, Hola, Garsen, halafu Malindi. Toka baada ya Alfajiri ulenge kufika Malindi kabla ya Magharibi. Usiku hapana. Kabla ya kutoka waulize madereva wa mabasi stejini barabara ikoje, hasa msimu wa mvua. Mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024 Tana ilifurika, barabara ikakatika pale Madogo, watu wakavuka kwa boti. Beba nyirinyiri, maji mengi, na kitambulisho halisi, maana picha ya kwenye simu haitakusaidia kwenye vizuizi vya polisi.

Hola simama kidogo. Ni pale, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya Waingereza walipigwa hadi kufa, na habari zake zikatikisa hadi bunge la London. Vijana wengi hupita hapo wakitafuta soda baridi tu.

Cheni Hola au Garsen huzikuti, na huzihitaji. Ukichelewa lala lojing'i bila aibu. Wenye nyumba wanatujua, msikiti uko karibu, na hakuna atakayeshtuka kusoma Garissa kwenye kitambulisho. Hapo bima ya nini?

Malindi na Watamu zimejaa nyumba za kukodi na hoteli za mwenyewe mmoja mmoja. Hapa nalala gesti, lakini ile ambayo mtu ninayemjua ameshalala. Si nyota za mtandaoni. Mtu. "Ulipokelewaje? Mama yako alipokelewaje?" Kisha mchana nenda Gede ukaone mji wa mawe wa Waswahili ndani ya msitu, na msikiti wake mkuu, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Mchukue na mdogo wako. Mtoto wa Kiislamu wa Kenya anafaa kusimama pale mara moja maishani.

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Hapa ndipo nafungua pochi. Mombasa ni kubwa, foleni inaweza kukufikisha usiku, madalali ni wengi, na kama una wakina mama na mabinti ndani ya gari, hutaki kuzunguka ukibisha milango. Usiku wa kwanza wa Mombasa, lala cheni. Kesho yake, mmeshapumzika na jua limetoka, nenda ukajionee gesti kwa macho, ongea na mwenyewe, hamia.

Hesabu yake ni hivi, na namba ni za mfano tu kwa sababu Disemba bei hupaa. Tuseme chumba cha gesti ni 4,000 na cha cheni ni 14,000. Mko vyumba vitatu, mnalala mara nne. Gesti siku zote ni 48,000. Cheni siku zote ni 168,000, na hapo utarudi Garissa ukiomba lifti. Cheni mara moja na gesti mara tatu ni 78,000. Ile 30,000 ya tofauti, gawanya kwa watu sita: 5,000 kila mmoja, kwa usiku mmoja ambao hakuna atakayekaa macho akijiuliza kama mtafunguliwa mlango.

Na usinunue kifurushi cha milo yote. Chukua kulala na kifungua kinywa basi. Ukishalipia milo mitatu utaona ni hasara kutoka nje, na utamaliza likizo ukizunguka bwawa wakati Mji wa Kale uko pale, Fort Jesus iko pale tangu 1593, na viazi karai vinakungoja. Hapa wale wa "cheni hazina ladha" wana hoja, nakubali. Ladha iko nje ya geti. Bahari pia. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambao watu huuita Pirates, huhitaji chumba cha mtu kuogelea.

Ukiamua Lamu, mambo ni tofauti. Gari unaliacha Mokowe unavuka kwa boti, na raha ya Lamu ni kulala kwenye nyumba za zamani za wenyeji. Cheni huko usihangaike.

Kabla hujatuma hata shilingi, hata kwa cheni, piga simu uulize. Bei ya Mkenya ni ngapi, maana ya mgeni wa nje huwa juu zaidi. Watoto wanalipiwa kuanzia miaka mingapi? Jikoni nyama ni halali? Baa iko umbali gani na vyumba vyetu? Na kwa akina dada: naruhusiwa kuingia bwawani na vazi la kuogelea la kufunika mwili? Uliza kabla, kwa sababu kuna mahali utaambiwa utoke majini mbele ya watu. Nikikatiza safari narudishiwa kiasi gani? Halafu wakutumie barua pepe yenye namba ya buking na majibu hayo. Cheni si malaika, wana wafanyakazi wenye roho mbaya kama kila mahali. Ila ukiwa na hiyo barua pepe una pa kuanzia.

Kuna kitu bado kinanikera. Sisi tunalipa zaidi ili tupokelewe huko, na huku kwetu hizo cheni nilizotaja hakuna hata moja iliyojenga. Serikali za Magharibi kwa miaka zimewaambia watu wao wasikanyage Garissa, na hoteli hujengwa wageni wanakoenda. Wakati huo huo twiga wako Bour-Algi, nje tu ya mji, na kule Ishaqbini kuna hirola, swala ambaye amebaki kidogo sana duniani. Mgeni akifika hapa, lojing'i zetu zinampa chumba, chai, na mtu wa kumwonyesha njia ya mtoni, na sijasikia anaulizwa alizaliwa wapi.

Kwa hivyo ukiniuliza tena Disemba hii, jibu langu ni hilo: njiani lala kwa wanaokujua, Malindi lala kwa uliyeelekezwa na mtu, na Mombasa usiku wa kwanza lipia utaratibu. Na kama kuna gesti ya pwani iliyompokea mama yako vizuri, weka jina lake hapa chini kwenye komenti. Nataka tujaze orodha yetu wenyewe kabla shule hazijafungwa.