Kisu cha kukunja na mikorosho ya Nkowe

Mjomba wangu hakuwa mtu wa vitu vingi, lakini kila asubuhi kabla ya kuchukua jembe alipapasa mfuko wa kulia wa suruali kuhakikisha kisu kipo. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa mbao ya kahawia uliopachikwa vipande vya bati lenye kung'aa, umbo la mwezi mchanga na nyota. Mgongoni mwa mpini palikuwa na pete. Ukikifungua, bapa lilipita kwenye meno ya kufuli, kra-kra-kra, mpaka likasimama. Ukitaka kulikunja sharti uvute pete kwanza. Sisi watoto tuliujua mlio ule hata tukiwa nje ya ua, na tulikimbia, maana mara nyingi kulikuwa na muwa unamenywa.

Kwenye bapa palikuwa na picha ndogo ya mnyama ambaye hapa kijijini kwetu Nkowe, kusini mwa Tanzania, hakuna aliyewahi kumwona. Tulibishana sana kama ni punda milia au ni twiga aliyekatwa shingo. Nilikuja kujua ukubwani kwamba ni okapi, mnyama wa misitu ya Ituri kule Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimpa jina rasmi mwaka 1901. Mwaka uliofuata visu vyenye jina lake vikaanza kutengenezwa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu, ili viuzwe kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, na nchi yetu ilikuwa ndani ya mojawapo. Tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Cha mjomba kilikuwa cha Mjerumani bado. Alikinunua Nachingwea, dukani kwa Mhindi, kwa fedha ya korosho, na kila alipokinoa alikumbusha kwamba ni korosho zilizokinunua.

Napenda kueleza kazi za kisu kile zilivyokuwa, kwa sababu kijana wa leo hawezi kuziona zote zikifanywa na kitu kimoja. Mjomba alikitumia kumenya muhogo mbichi shambani na kukwangua ming'oko iliyochemshwa. Alichunia gome la myombo akapata kamba ya kufungia kuni, akachongea vigingi vya mbuzi, akakata kucha, akatoa mwiba kwenye unyayo wangu huku akinisimulia habari nyingine kabisa ili nisitazame. Kisu kilizunguka pia. Jirani akihitaji kukata kamba alipaza sauti tu, na mjomba alikikunja kwanza ndipo akampa. Hakumpa mtu kisu kilichofunguliwa, hata awe rafiki yake wa damu. Kikirudi alikiangalia makali, akakifuta kwenye suruali, akakitia mfukoni bila neno.

Msimu wa korosho ulikuwa na kazi yake. Ukiokota bibo chini ya mti, korosho imeng'ang'ania kitako chake. Ukiipindua kwa mkono hutoka, lakini mara nyingi hubaki na kipande cha nyama ya bibo, na nyama hiyo ikianikwa pamoja na korosho inaoza na kuharibu ubora. Mjomba aliiondoa kwa ncha ya kisu, korosho baada ya korosho, huku akina mama wakikamua mabibo ya pombe ya uraka pembeni. Maji ya bibo yana ukali unaogeuza chuma kuwa cheusi. Bapa la kisu lilikuwa jeupe wakati wa masika, likaanza kupata weusi wenye kuelekea bluu mabibo yalipoiva, na kufika Desemba lilikuwa jeusi tii isipokuwa ule mstari mwembamba wa makali. Alilisugua kwa majivu na kipande cha gunzi. Nguo yangu ya nyumbani ilipata madoa hayohayo, na hakuna majivu wala sabuni iliyoweza kuyatoa.

Halafu korosho zenyewe zikaanza kupotea. Wanaoandika historia ya zao hili wanatoa hesabu mbili: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takribani tani 145,000, na msimu wa 1986/87 hazikufika tani 17,000. Sisi tuliokuwa huku tuliliona anguko hilo mti kwa mti. Kwanza ilikuja Operesheni Vijiji. Watu walihamishiwa vijiji vipya, mashamba yakabaki mahame, na shamba la mjomba likawa mwendo wa asubuhi nzima kutoka tulipojengewa maisha mapya. Nyasi zikapanda, moto wa kiangazi ukapita chini ya mikorosho. Bei nayo haikumpa mtu sababu ya kwenda kupalilia mbali kiasi hicho. Juu ya hayo ukaingia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaomwaga unga mweupe kwenye maua na majani machanga. Mkorosho unachanua vizuri, nawe unafurahi, baada ya siku chache maua yote ni makavu ya kahawia na hakuna punje. Mjomba alikuwa akivunja kishada kilichokauka, anakipasua kwa kisu kutafuta mdudu ndani yake. Hakukuwa na mdudu.

Alifariki bila kuona mahame yake yakizaa tena. Sisi Wamwera tunafuata upande wa mama, kwa hiyo kisu hakikuwa na mjadala: kilikuja kwa mpwa. Dada zake walinikabidhi kikiwa kimekunjwa, kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na jiwe lake la kunolea.

Kwa miaka nilikitumia kama yeye. Mabadiliko yalianza pale salfa, dawa ya ubwiriunga, ilipoenea huku kusini, watu wakapuliza, na mikorosho iliyokuwa imekatiwa tamaa ikafunga punje. Tukakumbuka kwamba tuna mali. Ndipo wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, wakawa na jambo la pili la kutufundisha: kubebesha. Mkorosho wa mbegu haufuati mama yake. Unaweza kupanda korosho kubwa nzuri kutoka kwenye mti unaojaza magunia, ukapata mti wenye majani mengi na vipunje vya kuchekesha. Ukitaka mtoto afanane na mama, chukua kikonyo cha mama ukibebeshe kwenye mche.

Bwana shamba aliyetufundisha alitazama visu vyetu kimoja kimoja. Changu alikishika muda mrefu, akasema chuma chake ni kizuri lakini kimenolewa pande mbili, na kisu cha namna hiyo hakikati bapa, kinatoa mkato wenye tumbo. Akaniambia nikinoe upande mmoja tu, ule mwingine niulaze kwenye jiwe bila kuuinua hata kidogo. Niliketi na jiwe la mjomba jioni kadhaa. Chuma kilichokuwa kimezoea namna moja tangu Solingen kilikuwa kinabadilishwa sura, na kila nilipopitisha kidole niliona tofauti. Kilipokuwa tayari nilikijaribu kwenye kijiti cha mkorosho, na mkato ulitoka laini, unang'aa kwa utomvu, hauna unyuzi.

Kazi yenyewe ni hii. Mche ulio kwenye kiriba ukifikisha kama wiki sita hadi nane, unakata kichwa chake sehemu iliyo laini, kisha unapasua shina katikati kwenda chini kama sentimita nne. Kikonyo umekitoa kwenye mkorosho mama unaojulikana kwa kuzaa. Kina unene uleule wa shina la mche, na majani yake uliyakata kama wiki moja kabla ili macho yavimbe. Unakichonga pande mbili kiwe kabari yenye urefu wa ule mpasuko, unakisukuma ndani mpaka gome likutane na gome, unafunga kwa utepe wa nailoni na kukivika kifuko. Kisu kinajulikana kwenye ile kabari. Inatakiwa mkato mmoja kila upande. Ukikata ukasita, ukakata tena, unaacha kigongo. Hapo hewa inabaki, magome hayagusani, na baada ya wiki mbili au tatu unakuta kikonyo kimekauka huku bado kimesimama wima.

Nikaanza kukinyima. Kisu kilichowahi kumenya muwa wa mtaa mzima sasa hakimenyi kitu. Kitunguu hapana, kamba hapana, mwiba hapana. Nakifuta kwa spiriti kabla ya kuhama kutoka mti mmoja kwenda mwingine ili nisisambaze magonjwa, na nikimaliza nakirudisha kwenye kitambaa. Jirani akipaza sauti kuomba kisu, nampa cha jikoni. Wazee waliomfahamu mjomba hawakulipenda jambo hili, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba kisu cha marehemu kilikuwa cha watu. Nilimjibu kwa heshima kwamba bado ni cha watu, maana miche iliyopandwa kwake niliibebesha mimi. Alinyamaza, lakini najua hakuridhika, na mimi mwenyewe naona alikuwa na haki yake. Kuna urafiki uliokuwa ukipita mkononi pamoja na kile kisu, na haukuhamia kwenye kisu cha jikoni.

Kazi zile nyingine nazo zilikuwa zikiondoka zenyewe. Kamba ya nailoni inauzwa dukani ikiwa imeshakatwa. Wembe uko kila kibanda. Kijana anayekwenda Dar es Salaam na kisu mfukoni anatazamwa kwa mashaka, na akipanda ndege ataambiwa akiache. Suruali za mjomba zilitoboka mfuko wa kulia kwa uzito wa kile chuma. Siku hizi mfuko huo una simu.

Wakati huohuo miche ikawa inatafutwa kwa udi na uvumba. Msimu wa 2017/18 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na nchi ikavuna zaidi ya tani 313,000, zaidi ya mara mbili ya ile rekodi ya enzi za mjomba. Mwaka uliofuata wanunuzi walitaka kushusha bei, Rais Magufuli akatangaza shilingi 3,300 na malori ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Mabishano ya bei hayajaisha tangu hapo, lakini hakuna aliyeacha kupanda. Bodi ya Korosho iligawa miche, vikundi vya akina mama vikaanzisha vitalu, na mtu mwenye mkono wa kubebesha akawa hakosi kazi. Hata katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 lilitugusa: tepe zetu tulikuwa tunazichana kwenye mifuko ya rambo, ikabidi tuzoee kuzikata kwenye nailoni ya viriba.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana kitalu kikubwa kuliko changu na anabebesha kwa wembe. Tunabishana kila msimu.

"Mjomba, wembe haunolewi. Ukifa makali natupa, nachukua mwingine."

"Unapinda, mwanangu. Ukipinda kabari inapata tumbo."

"Ushike karibu na ncha, haupindi."

Kwa miche ya kitalu nimekubali kwamba ana hoja. Shina lake ni laini, na vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Safu zake zinashika vizuri na anamaliza mapema. Lakini miti mikubwa ni habari nyingine. Kule mahameni kwa mjomba bado kuna mikorosho mizee isiyozaa. Tumeanza kuikata, tunaacha kisiki kisichofika kiunoni, na visiki vimetoa machipukizi mengi. Tunachagua machache yenye nguvu, tunayapunguzia wenzake, kisha tunayabebesha vikonyo vya mti bora. Mizizi ya mjomba itabaki ileile, juu itakuwa korosho nyingine. Chipukizi la kisiki kizee lina ugumu ambao mche wa kiriba hauna, na juzi wembe wa mpwa wangu ulivunjika mara mbili kwenye kisiki cha kwanza tu. Aliniangalia, akanyoosha mkono.

Nilikikunja kwanza ndipo nikampa. Akakifungua mwenyewe, akasikia meno ya kufuli, akauliza pete ni ya nini. Ameshakata vikonyo viwili na vyote viwili vilikaa. Jumatatu tunarudi kumalizia visiki vya upande wa bondeni: kisu atabeba yeye, mimi nitabeba vikonyo kwenye kitambaa kibichi, na tumekubaliana tutoke kabla jua halijapanda.